Kosa la Basyuni

Muharram Bey, Iskandaria. Ghorofa ya pili,
juu ya karakana ya fundi viatu.
Harufu ya gundi hupanda ngazi kabla ya wanafunzi.
Ubaoni Mwalimu Nagwan kaandika neno la Kiingereza,
fupi kama kikohozi:
em, ai, kisha es mbili,
sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anyamaze.

"Mis," asema Subhi, mwana wa muuza nyama,
"si ndivyo tunavyokuita?"
Darasa lacheka. Naye acheka, nusu.
"Ndiyo. Anisa," asema, aanza kuliandika
toka kulia kwenda kushoto:
mwanamke ambaye hajaolewa.
Ana miaka hamsini na mmoja.
Chaki yakatika kwenye alifu.
Anisa na anasa wametoka tumbo moja,
lakini hilo halikuulizwa na yeyote,
akaokota kipande, akaendelea.

Marihan alilijua kwa upande wa treni.
Alifika Sidi Gaber anahema,
akauona mgongo wa behewa la mwisho.
"Fatani," asema. "Treni ndiyo iliyonipita.
Mimi nilisimama tu, mkoba begani, sina kosa."
Mwalimu atikisa kichwa:
kwa Kiingereza, binti yangu, kosa ni lako.
Treni haikutenda lolote.

Subhi naye ana bunduki ya upepo ya maulidi,
mapuya kumi na mawili ukutani,
risasi kumi na mbili, puya moja tu lililopasuka.
"Akhtaa," laandikwa. Alilenga, hakupata.
Mzizi wake ni ule ule wa hatia,
na kwa muda darasa likanuka dhambi
kuliko gundi.

(Mimi niandikaye haya nina kitenzi kimoja:
nimekosa treni, nimekosa shabaha,
nimekosa adabu, nimekukosa wewe.
Punda mmoja, mizigo yote.)

Nyuma kabisa, Basyuni anyoosha mkono.
Miaka thelathini na minne alikata tiketi za tramu;
kidole gumba bado chajikunja chenyewe.
Mjukuu wake Lujain yuko Halifax,
ana miaka saba,
na Kiarabu kimemkauka mdomoni
kama mkate uliosahauliwa dirishani.
"La kumwambia mtu aliye mbali, Mis. Nipe hilo."

"Ishtaqtu," asema mwalimu. "Nina shauku."
"Hilo ni la vitabuni. Sisi nyumbani twasema wahashtini."

Kimya. Hata nyundo ya fundi chini ilitua.
Wahashtini: umenifanya nyika.
Umeondoka ukaniachia mnyama wa mwitu
anayezunguka meza ya chakula.
Mtendaji ni yule asiyekuwapo.
Mimi nimekaa tu na chai yangu, ninatendwa.

"Kwa Kiingereza ni kinyume," asema mwalimu.
"Anayetenda ni aliyebaki."
"Kwa nini nifanye kazi mimi, na aliyeondoka ni yeye?"
Mwalimu hakuwa na jibu. Akaazima mfano kitabuni,
Basyuni akaunakili, akaupigia mstari mara mbili.

Ijumaa simu ikalia. Mstari ukamtoroka.
Akashika njia ya zamani, njia ya tramu,
akamweka mtoto mbele, yeye nyuma:
"Wewe," alisema kwa Kiingereza, "wanimisi mimi."

Huko Halifax theluji ilikuwa inaanguka, labda.
Lujain akanyamaza, akafikiri.
"Ndiyo, Gidu," akasema. "Umejuaje?"

Jumamosi alikisoma darasani alichokisema,
daftari likitetemeka kidogo.
"Nimekosa, Mis?"
"Umekosa."
Akasubiri amsahihishe.
Nagwan alikuwa amegeukia ubao,
anatafuta dasta, nayo iko mkononi mwake.